Shokapu za Mbele Zinasingiziwa Mengi

Gari likianza kugonga mbele, gereji nyingi huwa na jibu moja: shokapu zimekufa. Mwenye gari anatajiwa bei, anakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kama yuko Dar es Salaam au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, anarudi na maboksi mawili, shokapu zinafungwa, na akifika tuta la kwanza mlio ni uleule. Fedha imekwenda. Shokapu alizoziacha kwenye kona ya gereji huenda zilikuwa bado na uhai, na kile kilichokuwa kibovu amerudi nacho nyumbani.

Nawaandikia wenye Corolla, Premio, IST, Vitz, Raum na ndugu zao, magari yaliyofika kwetu yakiwa yameshatumika Japani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, lakini hata lililoingia na miaka saba likikaa barabarani kumi mingine linakuwa mtu mzima. Kwa magari haya yote mfumo wa mbele ni wa aina moja, kwa hiyo anayeuelewa kwenye Vitz hatapotea kwenye Premio.

Mfumo huo unaitwa MacPherson, kwa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson. Aliubuni katika miaka ya 1940 akiwa General Motors, kwa ajili ya gari dogo ambalo kampuni iliamua mwishowe kutoliuza. Akahamia Ford, na mwaka 1950 Ford ya Uingereza ikaonyesha Consul na Zephyr zenye mfumo huo mbele. Corolla ya kwanza kabisa, ya mwaka 1966, nayo ilikuwa nao. Viwanda viliupenda kwa sababu una vipande vichache, ni wa bei nafuu, na unaacha nafasi ya kutosha kulaza injini kwa upana chini ya boneti.

Siri ya unafuu wake ndiyo chanzo cha gharama zetu. Katika mifumo mingi ya zamani, gurudumu lilishikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. MacPherson aliuondoa wa juu, kazi yake akaipa shokapu. Kwa hiyo shokapu ya mbele ya Corolla yako ina kazi tatu. Inatuliza mtikisiko. Inalisimamisha gurudumu wima, huku ikiwa imebeba springi mwilini. Na kila unapokata usukani, inazunguka yote pamoja na springi, ikining'inia kwenye maunti iliyofungwa chini ya boneti, yenye beringi ndani yake. Ndiyo maana ubovu wa mbele unaonekana kwenye usukani, kwenye matairi na kwenye breki, mahali ambapo wengi hawafikirii kumtafuta mchawi.

Kuna jambo moja linawachanganya hata mafundi wazuri. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu haibebi. Gari lililolala upande mmoja au lililoshuka mbele haliinuliwi na shokapu mpya. Hapo angalia springi iliyochoka au iliyokatika. Kazi ya shokapu ni kuifuata springi nyuma na kuizuia isiendelee kucheza. Ndani yake mna fimbo yenye pistoni, na pistoni ina vitundu na vali ndogo. Gurudumu likipanda au kushuka, pistoni inalazimisha oili ipenye kwenye vitundu hivyo, na nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Nyingi za siku hizi zina gesi ya naitrojeni pia, ili oili isitoe povu inapofanya kazi mfululizo. Joto hilo unaweza kulitumia. Ukitoka kwenye kipande kirefu cha barabara mbovu, gusa bomba la shokapu zote mbili za mbele kwa tahadhari, maana breki ziko jirani na zinaunguza. Zikiwa za uvuguvugu sawa, zote zinafanya kazi. Moja ikiwa ya moto na nyingine baridi, ile ya baridi haifanyi kitu.

Sasa milio. Hapa ndipo fedha inapookolewa au kupotea, na ningependa msomaji aende polepole.

Mlio wa harakaharaka, ko-ko-ko, unaosikika kwenye changarawe au kwenye rasta ukiwa mwendo mdogo, halafu unanyamaza ukipanda tuta kubwa taratibu, mara nyingi ni wa stabilaiza linki. Ni kifimbo chembamba chenye kijointi kila mwisho, kinachounganisha shokapu na ile nondo ya stabilaiza inayopita chini ya gari upande hadi upande. Ni cha bei ndogo ukilinganisha na shokapu, na kwenye barabara zetu ndicho kinachokufa mapema. Kishike kwa mkono ukitikise, magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa chini au yote yameinuliwa kwa kiasi sawa. Ukiinua upande mmoja tu, nondo inajikunja na kukivuta, na kitaonekana kimekaza hata kama kimekwisha. Mafundi wenye uzoefu wana njia ya mkato: wanafungua linki zote mbili, wanazunguka taratibu karibu na gereji, na mlio ukikata wamempata mshitakiwa. Usiliendeshe gari hivyo kwenye barabara kuu, maana kwenye kona litalala kuliko ulivyozoea. Kwenye nondo hiyohiyo kuna bushi mbili za mpira zinazoishika na bodi, nazo zikilegea hutoa mlio wa kufanana. Watu wamebadilisha shokapu nzima kwa ajili ya bushi hizi.

Mlio wa pili unatokea gari likiwa limesimama, unapokata usukani: "kwang!", kama chuma kimeruka mahali pake. Hiyo ni springi. Beringi ya maunti ikikwama, shokapu inageuka chini lakini springi inagoma juu, inajisokota kidogo, kisha inafyatuka. Mwombe mtu akate usukani pole pole wakati wewe umeweka kiganja juu ya springi kwa nje, vidole visiingie katikati ya mizunguko yake. Beringi nzima unaihisi springi ikizunguka laini; mbovu unaihisi ikiruka. Dalili nyingine ni usukani mzito usiorudi wenyewe ukishamaliza kona. Shokapu haina kosa hapo.

Wa tatu ni mlio mmoja mzito, "dumu", gurudumu linapodondoka kwenye shimo au unapokanyaga breki na kuachia. Mtazame kwanza wishiboni, yaani ule mkono wa chini uliobaki: bushi zake mbili na boljointi. Fundi aingize mtalimbo atikise huku wewe unaangalia. Bushi iliyochanika utaiona ikifunguka kama mdomo. Boljointi yenye uchezi isisubiri mwisho wa mwezi, kwa sababu ikichomoka gurudumu linalala chini ya gari na huna tena usukani.

Na mlio wa nne ni wa chuma kugonga chuma pale gari linapopigia tuta. Kwenye fimbo ya kila shokapu, ndani ya kava la vumbi, kuna raba laini ya kuzuia shokapu isifike mwisho wake. Mafundi huiita stopa. Kwenye gari la miaka kumi na tano raba hiyo mara nyingi imebaki makombo, au haipo kabisa, na hakuna aliyewahi kuitazama kwa sababu imefichwa. Shokapu isiyo na stopa hujigonga yenyewe hadi vali za ndani zinavunjika. Kwa maoni yangu hakuna kitu kidogo kwenye gari kinachodharauliwa kama hiki.

Shokapu iliyokufa kweli haina haja ya kupiga kelele. Utaijua kwa mwendo: gari linaendelea kuelea baada ya tuta, pua inazama ukikanyaga breki, upepo wa basi linalopishana nawe unaliyumbisha. Ukipitisha kiganja juu ya tairi unakuta mabonde na vilima, sehemu imeliwa, sehemu imebaki, kwa sababu tairi lilikuwa linadunda badala ya kukanyaga. Tairi linalodunda halishiki breki, na hapo ndipo shokapu mbovu inapoacha kuwa suala la kukaa raha garini.

Wengi hulipima gari kwa kuegemea bampa, kusukuma chini na kuhesabu linadunda mara ngapi. Kipimo hicho kinamkamata marehemu tu. Shokapu iliyochoka nusu huweza kutulia vizuri mbele ya duka la spea, halafu ikashindwa ukiwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami yenye viraka. Gari likidunda, umepata jibu. Lisipodunda, usijipongeze.

Kuvuja nako kuna viwango. Ukungu mwembamba wa oili karibu na sili ya juu, ulioshika vumbi, si hukumu ya kifo. Bomba lililolowa kuelekea chini, na ukilifuta linalowa tena baada ya siku chache, hilo limekwisha. Ila kabla ya kulaumu, angalia jirani. Raba ya sivii jointi, ile jointi ya shafti ya gurudumu, ikipasuka hurusha grisi nyeusi nzito mpaka kwenye shokapu, na hozi ya breki inayovuja huacha majimaji mahali hapohapo. Hiyo ya breki usiondoke nayo gereji.

Tuseme umepima na kweli shokapu zimekwisha. Zinunue mbili, kulia na kushoto pamoja, maana gari lenye shokapu mpya upande mmoja na chovu upande mwingine huvuta na kuyumba kwenye breki ya ghafla. Kulia na kushoto mara nyingi hazifanani; masikio ya kushikia hozi ya breki na linki yamekaa tofauti, basi soma maandishi kwenye boksi usije ukauziwa mbili za mkono mmoja. Na usinunue shokapu peke yake. Bei ya kazi ni ileile ukibadilisha shokapu tu au ukiongeza maunti, beringi, stopa na kava la vumbi, kwa sababu vyote viko kwenye fimbo moja na vyote vinafunguliwa siku hiyo. Kama mfuko haukubali, anza na stopa na kava.

Juu ya kipi cha kununua, nina upendeleo na sitauficha. Watengenezaji wanaojulikana, kama KYB wa Japani au Monroe, wanaigwa sana, hivyo duka lina uzito kuliko boksi: nenda kwa muuzaji anayekupa risiti na anayepatikana kesho. Shokapu iliyotumika kutoka Japani sipendi kuinunua. Springi ya Japani iliyotumika inaweza kuwa nzuri kuliko mpya ya bei rahisi, lakini shokapu inaishi kwa sili na vali, na umri wa sili huwezi kuuona kwa macho pale dukani. Muuzaji atakubonyezea fimbo chini ione aibu kurudi, utavutiwa, na hiyo haikuambii itafanya nini kwenye mashimo ya kweli. Tena kuna magari yaliyotoka sehemu za theluji za Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Spea zake za chini chunguza kutu, hasa kwenye kikombe unachokalia mwisho wa springi.

Wapo pia wanaotoboa shokapu ya zamani, wakaijaza oili, wakaziba kwa kuchomelea. Inapata uzito wa kudanganya kwa muda. Oili iliyotiwa haikupimwa, gesi imeondoka, sili ni ileile iliyoshindwa, na fundi amepeleka moto kwenye bomba lenye oili ndani. Fedha ya kazi hiyo iweke kwenye akiba ya shokapu mpya.

Kazi yenyewe si lazima uifanye kwa mikono yako, lakini simama pale uione. La kwanza la kutazama ni hatari. Springi iliyofungwa kwenye shokapu imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Juu, chini ya boneti, utaona nati ndogo kuzunguka maunti, kwa kawaida tatu, na nati moja kubwa katikati. Zinazofunguliwa shokapu ikiwa bado kwenye gari ni zile za pembeni. Ile ya katikati haifunguliwi mpaka shokapu imetolewa na springi imebanwa kwa vibano vyake hadi imelegea kwenye vikombe. Nimeona springi ikifungwa kwa waya na manila badala ya vibano. Fundi akianza hivyo, chukua gari lako utafute mwingine, na wala usibaki kutazama.

Mengine ni ya adabu ya kazi. Kalipa ya breki isining'inizwe kwa hozi yake. Bolti mbili kubwa zinazoshika shokapu na nako ya gurudumu zichorewe alama kabla ya kufunguliwa, kwa sababu uchezi mdogo hapo hubadilisha tairi limelalaje. Nako ikiachiwa iinamie nje, ishikiliwe, isije ikavuta shafti ikatoa jointi ya ndani. Shokapu mpya isimamishwe wima, ibonyezwe na kuvutwa taratibu mara kadhaa kabla ya kufungwa, ili hewa iliyojichanganya na oili wakati imelala stoo irudi mahali pake. Bila hivyo siku za kwanza inaweza kubisha na ukadhani umeuziwa mbovu. Fimbo isishikwe kwa plaizi hata kidogo. Mkwaruzo mmoja kwenye ile kromu unaikata sili kila fimbo inapopanda na kushuka. Mwisho wa springi ukae sawasawa kwenye hatua yake ndani ya kikombe. Na nati zikazwe kwa spana ya toki, kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, kwa kuwa mkono wa fundi hauna namba.

Ukitoka hapo, nenda alaimenti siku hiyohiyo au kesho yake. Anayekuambia si lazima kwa sababu "tumerudisha palepale" anakuuzia tairi bila kujua. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Gereji yenye mashine nzuri haitasita kukupa.

Siwezi kumaliza bila spesa, maana zimekuwa fasheni. Gari linagusa chini, mwenye gari anaambiwa aweke spesa, na anafurahi kuliona limenyanyuka. Kuna mpira unaopachikwa katikati ya mizunguko ya springi. Huo unaizuia sehemu ya springi isifanye kazi, iliyobaki inakuwa ngumu, na msongo unakusanyika pale mpira ulipokaa. Kuna kipande cha chuma au alumini kinachowekwa juu ya maunti. Shokapu yenyewe inabaki na mwendo wake, lakini wishiboni inaelekea chini zaidi, boljointi na sivii jointi zinafanya kazi kwenye pembe zisizopangiwa, na alaimenti inaharibika. Na kuna spesa inayowekwa kati ya springi na kikombe chake, ambayo mimi naiona mbaya kuliko zote, kwa sababu shokapu inakaa imevutwa muda wote. Gurudumu likidondoka shimoni fimbo inafika mwisho wa juu na kugonga, tena na tena. Kama barabara ya kwako kweli inataka gari la juu, spesa ndogo ya juu ya maunti, iliyofungwa vizuri na kufuatiwa na alaimenti, ndiyo yenye madhara kidogo. Lakini kwanza hakikisha gari halikushuka kwa sababu springi zimechoka. Wengi wanalipa spesa kuficha springi.

Uendeshaji nao una sehemu yake, na kosa linaloua shokapu nyingi ni kupanda tuta huku mguu uko kwenye breki. Breki inaisukuma pua chini, shokapu za mbele zinakuwa zimeshabanwa nusu, na tuta linazikuta hazina mwendo uliobaki. Punguza mwendo kabla, achia breki tairi linapogusa tuta, pita ukiwa wima. Shimo lisilokwepeka ni hivyohivyo. Upepo wa matairi ufuate kibandiko cha kwenye mlango wa dereva; tairi lililojazwa kama jiwe linaipa shokapu kazi ambayo tairi lilipaswa kuimaliza lenyewe. Walioko Zanzibar, Tanga au Mombasa wapige maji safi chini ya gari mara kwa mara, hasa wakitoka ufukweni, kwani chumvi inaila springi kwenye mzunguko wa chini kabisa, inakatika bila kelele, na ncha yake inakaa sentimita chache kutoka kwenye tairi.

Watengenezaji hupenda kutaja kilomita 80,000 kama umri wa kuzichunguza shokapu kwa makini. Kwa anayeshinda kwenye vumbi na mashimo, mimi nasema zichunguzwe kila oili ya injini inapobadilishwa. Kata usukani mpaka mwisho, mulika tochi nyuma ya gurudumu, kisha rudia upande wa pili. Kava la vumbi likiwa limechanika na kuteleza chini, utaiona fimbo. Ikiwa inang'aa na kavu, ifute vumbi kwa kitambaa laini na upange kava na stopa mpya siku springi itakapofunguliwa kwa sababu nyingine. Ikiwa imeshika vidoa vya kutu au michirizi, sili yake haina muda mrefu. Ulizia bei ya jozi sasa, wakati bado una nafasi ya kuchagua duka.